Kupima damu inayoingia kwenye ini la kondoo: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Tabora

Ini lina milango miwili ya damu, na ugumu wote wa kazi hii unaanzia hapo. Figo ukitaka kuipima unatafuta ateri yake, umemaliza. Ini halikubali. Kuna ateri ya ini, nyembamba, inayoleta damu mpya kutoka moyoni. Halafu kuna vena ya lango, nene kama kidole, inayoleta damu iliyokwisha kuzunguka kwenye rumeni (chumba kikubwa cha tumbo la mnyama anayecheua), utumbo, kongosho na wengu. Kwa kondoo aliyeshiba, vena hii ndiyo yenye mzigo: mara nyingi asilimia 75 hadi 85 ya damu yote ya ini hupitia humo.

Kwa mnyama anayecheua, kipimo hiki si cha kujifurahisha. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hawapati sukari nyingi moja kwa moja kutoka kwenye chakula. Vijidudu vya rumeni huivunja sukari kwanza na kuacha asidi nyepesi za mafuta, kisha ini linachukua mojawapo, propionati, na kutengeneza glukosi, yaani sukari ya damu. Amonia ya rumeni nayo hufika hapo hapo kugeuzwa urea. Sasa mtu akikuletea majibu ya maabara yanayosema amonia ni nyingi kwenye damu ya lango na ni kidogo kwenye damu inayotoka inini, amekupa nusu ya habari. Bila kujua ni lita ngapi zinapita kwa dakika, huwezi kusema ini limefanya kazi kiasi gani.

Nawaandikia vijana wa mifugo na wa maabara walioko huku kwetu, Tabora mjini, Nzega, Igunga, Urambo, na hata wa Kigoma, ambao wameikuta mada hii darasani ikapitiwa mbiombio. Nitaeleza njia mbili. Ya kwanza ni ultrasaundi ya Doppler, inayopima kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti, ambayo unaweza kuifanya zizini ukiwa na mashine ya kubeba yenye betri. Ya pili ni ya kumiminia dawa iitwayo PAH kupitia katheta (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa), nayo inahitaji chumba cha upasuaji. Maoni yangu: anza na ya kwanza hata kama mwalimu wako anaitukuza ya pili.

Kabla ya lolote, ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na cha kamati ya maadili ya taasisi yako. Upasuaji ni wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, si wa bwana mifugo jasiri.

Hatua ya 1: nenda machinjioni

Usishike mashine kabla hujashika ini. Amka alfajiri, nenda machinjioni, nunua maini mawili ya kondoo, na mwombe mchinjaji asiyakate karibu. Mwambie unataka yaje na "kitovu" chake, yaani pale mishipa inapoingilia, pamoja na kipande cha mafuta kinachoning'inia. Mara ya kwanza nilipoomba hivyo mzee mmoja alisimamisha kisu akaniuliza, "Daktari, ini unataka kula au unataka kuagulia?" Nilimwonyesha nilichokuwa nakitafuta, na tangu siku hiyo ananiwekea.

Ukifika nyumbani liweke ini mezani, upande wa ndani ukitazama juu. Utakuta mirija mitatu imekaa pamoja. Wenye ukuta laini unaolegea, unaoingiza kidole, ndio vena ya lango. Ulio mwembamba lakini mgumu ukiufinya, unaorudi kuwa duara, ndio ateri ya ini. Wa tatu una rangi ya kijani au manjano ndani, huo ni mfereji wa nyongo. Ingiza kidole kwenye vena ya lango uone inavyogawanyika kwenda kulia na kushoto. Kisha geuza ini utafute vena kuu inayopita mgongoni mwake. Matundu unayoyaona ukutani mwake ni midomo ya vena za ini, njia ya damu kutoka.

Pima kipenyo cha vena ya lango kwa rula na ukiandike, ila ujue kwamba mshipa wa maiti umenywea. Akiwa hai utakuwa mpana zaidi.

Chana pia mfereji wa nyongo. Ukikuta minyoo bapa kama jani, hiyo ni Fasciola, na kwa huku Afrika Mashariki mara nyingi ni Fasciola gigantica. Mifugo inayonywa kwenye mabwawa na mbuga zenye konokono wa majini huwa nayo sana. Ini lenye mifereji iliyokakamaa halipitishi damu kama ini zima, kwa hiyo kondoo wako wa kipimo wachunguzwe kinyesi na kutibiwa wiki kadhaa kabla. Vinginevyo utapima ugonjwa ukidhani umepima lishe.

Hatua ya 2: mtayarishe mnyama, hasa tumbo lake

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nimeharibu pia. Damu ya lango hufuata chakula. Kondoo akila, mtiririko unapanda. Akikosa chakula siku nzima, unashuka. Namba isiyo na saa ya mlo pembeni yake ni namba ya kutupa.

Novemba moja nilikuwa na majike wanne, wote majani makavu na mashudu ya pamba kwa kipimo kile kile, saa ile ile. Watatu walipatana vizuri. Wa nne alikuwa juu asubuhi tatu mfululizo, nikaanza kushuku mashine. Mlinzi ndiye aliyenitoa tongo: jike huyo alikuwa akifungwa usiku chini ya mwembe, na msimu huo maembe yanaanguka yenyewe. Alikuwa anakula hadi alfajiri wakati wenzake wamelala na njaa. Tabora ni mji wa miembe, sasa jihadhari na kamba unapoifunga.

Basi fanya hivi. Mpe kondoo chakula kile kile kwa muda usiopungua wiki mbili kabla ya kupima, kwa uzito uliopimwa, si kwa kukadiria debe. Mpime uzito wa mwili asubuhi ya kipimo. Amua mapema utapima saa ngapi baada ya mlo na usibadilishe. Ukiweza, gawa chakula cha siku katika milo midogo mingi, kila baada ya saa 1 au 2, ili mtiririko usipande na kushuka kama mawimbi.

Joto nalo. Septemba na Oktoba huku jua la mchana linamfanya kondoo ahemee, na damu inapelekwa kwenye ngozi na njia za hewa badala ya tumboni. Pima alfajiri au chini ya paa lenye upepo, na uandike joto la hewa.

Usimpe dawa ya kumtuliza. Zailazini inapunguza nguvu ya moyo, na wanyama wanaocheua wanaathirika nayo kwa dozi ndogo kabisa. Mzoeshe tu. Siku tano za kusimama kwenye kizuizi akila pumba mkononi mwako zinatosha kwa kondoo wengi, na kondoo aliyezoea ana thamani kuliko mashine ghali.

Hatua ya 3: Doppler

Rumeni imejaa upande wa kushoto, imelisukuma ini lote kulia. Kwa hiyo kazi yako yote iko upande wa kulia, kati ya mbavu ya 8 na ya 12.

1. Nyoa manyoya kwenye eneo hilo, futa kwa spiriti, paka jeli nyingi. Kondoo wetu wa mkia wa mafuta hawana sufu nzito, lakini nywele chache tu zikibaki zinashika hewa na picha inakuwa ukungu.

2. Tumia probu (kile kichwa cha mashine unachokigusisha kwenye ngozi) ya mgongo wa mviringo, megahezi 3.5 hadi 5. Iweke kwenye nafasi kati ya mbavu mbili, anzia juu karibu na mgongo ukishuka taratibu.

3. Utakutana na mishipa miwili mikubwa. Vena kuu iko juu zaidi na mara nyingi mkato wake huonekana kama pembetatu, hasa kwa ng'ombe. Vena ya lango iko chini yake, mkato wake ni wa mviringo, ukuta wake unang'aa, na matawi yake hutawanyika kama miale ya nyota. Kama una shaka, rudi kwenye ini lako la mezani.

4. Geuza probu uone vena ya lango kwa urefu, kabla haijagawanyika. Gandisha picha, pima kipenyo kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani. Rudia mara tano, chukua wastani.

5. Washa Doppler. Sanduku la kipimo lifunike upana wote wa mshipa, siyo katikati tu, kwa kuwa damu ya katikati inakimbia kuliko ya pembeni. Rekebisha pembe kati ya mwale wa sauti na mshipa iwe chini ya nyuzi 60.

6. Rekodi kwa mihemo kadhaa. Damu ya lango hupanda na kushuka kidogo kwa kila pumzi. Soma kasi ya wastani, siyo kasi ya juu. Mashine nyingi hutoa zote mbili na zinafanana majina.

Pembe na kipenyo ndivyo vinavyoiba ukweli. Ukiwa kwenye nyuzi 30 ukakosea kwa 5, kasi yako inapotoka kwa takriban asilimia 6. Ukiwa kwenye nyuzi 60 ukakosea zile zile 5 kwenda juu, imepotoka kwa asilimia 18. Kipenyo ni kibaya zaidi maana kinazidishwa kwa chenyewe: ukisoma sentimita 1.5 badala ya 1.4, umeongeza damu asilimia 15 ambayo kondoo hana.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Tuseme kipenyo ni sentimita 1.4. Nusu yake ni 0.7, 0.7 × 0.7 × 3.14 inakupa eneo la sentimita za mraba 1.54. Kasi ya wastani ni sentimita 20 kwa sekunde. 1.54 × 20 ni mililita 30.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 60: mililita 1,848, yaani karibu lita 1.85 kwa dakika. Kondoo akiwa na kilo 45, hiyo ni mililita 41 kwa kila kilo. Kondoo mzima wa kilo 40 hadi 50 anayekula vizuri, tarajia lita 1.5 hadi 2.5 kwenye vena ya lango. Ukipata lita 5, usiandike makala. Rudia kipenyo.

Ateri ya ini kwa Doppler ya zizini sikushauri. Kwa kondoo ni nyembamba mno, inajikunja, na kosa dogo la kipenyo linameza jibu lote. Sema wazi kwamba umepima damu ya lango peke yake, hakuna aibu.

Hatua ya 4: ukitaka ini zima, PAH

Wazo ni la mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick, la mwaka 1870. Mimina kitu kwenye mto kwa kasi unayoijua, chota maji chini ya mto, na kadiri kitu hicho kilivyochujuka ndivyo unavyojua mto ni mkubwa kiasi gani. Mwaka 1969 Katz na Bergman walichapisha vipimo vya lango na vya ini vilivyochukuliwa kwa pamoja kwa kondoo na mbwa, wakitumia asidi ya para-aminohipuriki, ambayo sote tunaiita PAH. Ni kazi ya Marekani, ila kondoo ni kondoo.

Daktari wa upasuaji, mnyama akiwa amelala kwa nusukaputi, anaweka katheta nne: moja kwenye tawi la vena ya utumbo kwa ajili ya kumiminia, moja kwenye vena ya lango, moja kwenye vena ya ini, na moja kwenye ateri. Mnyama anapumzika hadi arudie kula kama zamani. Wiki mbili ni busara. Katheta zioshwe kwa maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, la sivyo damu inaganda na kazi ya mwezi inafia kwenye mrija wa milimita mbili.

Siku ya kipimo chukua kwanza damu kabla ya kumimina chochote. Usiiruke hatua hii. PAH inasomwa kwa rangi ya waridi inayoelekea zambarau kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima rangi), karibu nanomita 540, na rangi hiyo hiyo hutolewa na dawa za salfa. Huku kwetu salfa hutolewa kwa mfugo anayehara kabla hata bwana mifugo hajaitwa. Sampuli ya mwanzo ndiyo itakayomfichua mwenye kondoo aliyekuapia kwamba hajampa dawa yoyote.

Kisha toa dozi ya kuanzia, washa pampu kwa kasi isiyobadilika, na subiri saa 1 hadi 1.5 kiwango kitulie kwenye damu. Chota kutoka mishipa mitatu kwa wakati mmoja, watu watatu na sirinji tatu, taratibu, mmoja akihesabu kwa sauti. Rudia kila nusu saa, angalau mara tano. Mirija iende moja kwa moja kwenye barafu. Umeme ukikatika, pampu iwe na betri. Dakika kumi za pampu iliyosimama zinafuta saa nzima.

Mfano wa hesabu. Pampu inamimina miligramu 15 za PAH kwa dakika. Plazma (majimaji ya damu bila chembe zake) ya ateri ina miligramu 25.0 kwa lita, ya lango 36.5, ya vena ya ini 34.2. Ya ateri unaitoa, maana hiyo ni PAH inayorudi ikizunguka.

Lango: 15 ÷ (36.5 − 25.0) = lita 1.30 kwa dakika.
Ini zima: 15 ÷ (34.2 − 25.0) = lita 1.63.
Ateri ya ini: 1.63 − 1.30 = lita 0.33, yaani asilimia 20.

Usifurahi bado. Hizo ni lita za plazma, si za damu. Umepima plazma, umepata plazma. Kama hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ni asilimia 30, gawanya kila moja kwa 0.70: lango linakuwa lita 1.86, ini zima lita 2.33, ateri lita 0.47. Niliwahi kupeleka jedwali zima nimesahau kugawanya, na msomaji wa kwanza aliniuliza kwa upole kama kondoo wa Unyamwezi wana ini la sungura.

Jambo la pili ni kwamba ini la kondoo hubadilisha sehemu ya PAH kwa kuiunganisha na asetili, na PAH iliyobadilishwa haitoi rangi. Damu ya vena ya ini itaonekana ina PAH kidogo kuliko ilivyo, na hesabu itakupa ini lenye damu nyingi ya uongo. Dawa yake ni kuchemsha sampuli zote ndani ya asidi kabla ya kusoma, ili asetili itoke.

Na la tatu, ambalo ningelichonga ukutani maabara. Chukua ule mfano, kosea kidogo tu kwenye vena ya ini: badala ya 34.2 soma 33.2. Ini zima linaruka kutoka 1.63 hadi 1.83, kosa la asilimia 12, unaweza kuvumilia. Lakini ateri inatoka 0.33 hadi 0.53, kosa la asilimia 60. Ateri hukuipima. Umeipata kwa kutoa namba moja yenye kosa kwenye nyingine yenye kosa. Mtu akikuletea grafu nzuri ya ateri ya ini iliyotoka kwenye PAH, muulize kwanza alisoma kila sampuli mara ngapi.

Kosa jingine la kimyakimya ni ncha ya katheta. Ya kumiminia ikikaribia mno ile ya kuchotea lango, PAH haijapata nafasi ya kuchanganyika, inapita kama uzi wa rangi pembeni mwa mto. Utaliona kwenye takwimu: sampuli za lango zinapanda na kushuka bila mpango wakati za ateri zimetulia. Siku kama hiyo funga pampu, mpe kondoo majani.

Mbuzi na ng'ombe

Mbuzi ni kondoo mwenye kelele. Fuata hatua zile zile. Ng'ombe ana shida ya kina. Vena yake ya lango iko mbali na ngozi, na pembe nzuri ya Doppler huipati kirahisi, ndiyo maana tafiti nyingi za ng'ombe zimebaki kwenye katheta. Namba zake pia zitakushtua: ng'ombe wa Holstein anayetoa maziwa mengi, wiki chache baada ya kuzaa, damu ya ini lake hupita lita 2,000 kwa saa. Usimpime zebu wetu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, kwa kipimo hicho. Gawanya kila mara kwa uzito wa mwili, na uandike alikula nini.

Daftari

Kwa kila kipimo andika: namba ya sikio, uzito, saa ya mlo na kilo za mlo, saa ya kipimo, joto la hewa, hematokriti, kipenyo na pembe zote tano (siyo wastani peke yake), na jina la aliyeshika probu. Hili la mwisho watu hulidharau. Watu wawili wakipima kondoo mmoja asubuhi moja, watatofautiana kuliko kondoo wawili waliopimwa na mtu mmoja. Chagua mkono mmoja, ubaki nao hadi mwisho wa kazi.

Ukimaliza, futa jeli yote kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumfungulia, maana ikikauka inamwasha naye atajikuna kwenye uzio hadi ajichubue.